Amri ya kukaa ndani katika nyumba yenye watoto wengi wa kuasili

Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko-19, kila familia ilionja kelele, masomo ya mezani na chakula kinachoisha kabla ya wakati. Nyumba yenye watoto saba au wanane wa kuasili, yaani waliochukuliwa kulelewa kama wa kuzaa, hubeba mzigo mwingine juu ya huo. Mtoto aliyewahi kuhamishwa kutoka mikono hadi mikono huchukua kila badiliko kuwa dalili ya kuhamishwa tena. Mwalimu haonekani, afisa ustawi wa jamii haji, wakubwa wananong'onezana jikoni: hayo ameshayaona, na safari ile yaliishia nguo zake kutiwa kwenye mfuko. Kama umeasili karibuni na janga limekukuta, panga nyumba kwa kuanzia kwenye hofu hiyo. Masomo yatangoja kidogo.

Anza na chakula. Mtoto aliyewahi kulala njaa huficha chakula chini ya godoro, ndani ya foronya, nyuma ya kabati. Akisikia maduka yamefungwa, hata aliyekwisha kuacha tabia hiyo huirudia. Usitie kufuli kwenye kabati. Kufuli humhakikishia kwamba chakula ni cha kugombewa, naye ataficha zaidi. Weka kikapu mahali ambapo hata mdogo kuliko wote anafikia, chenye vitu visivyoharibika upesi, kama matunda yenye maganda, mkate mkavu na biskuti. Anayetaka anachukua bila kuomba. Kijaze mara mbili kwa siku, saa zilezile, watoto wakiona. Siku za mwanzo kitakwisha ndani ya nusu saa, na hapo ndipo wazazi wengi hukiondoa wakidhani wamelea uroho. Kiache. Punguza kiasi unachoweka kwa mara moja, lakini kisikae kitupu. Anayeendelea kuficha mpe kopo lenye mfuniko na jina lake, kisha mlikague pamoja mara moja kwa wiki: kilichooza kinatoka, kingine kinaingia. Panya wanakosa njia, na mtoto haitwi mwizi.

Kwa hesabu ya akiba, mtu mmoja hula gramu 75 hadi 100 za nafaka kavu kwa mlo, hivyo watu kumi huhitaji karibu kilo moja kila mlo. Milo miwili ya nafaka kwa siku 14 ni kilo 28. Nunua kidogo kidogo kila unapotoka, na usiifiche yote stoo. Mtoto akiliona gunia kwa macho yake, hutulia kuliko akiambiwa mara kumi kwamba chakula kipo.

Ratiba iwe na nguzo chache: kifungua kinywa, saa ya utulivu mchana, chakula cha jioni na kulala. Ichore kwa picha kwa wasiosoma na uibandike ukutani. Ratiba ya kila nusu saa huvunjika siku ya pili, na kwa watoto hawa kila kinachovunjika ni ahadi iliyovunjwa. Jambo likibadilika, liseme usiku uliotangulia. Saa ya utulivu kila mtoto awe na pake, hata kama ni mkeka kwenye kona. Anayelipuka asifungiwe chumbani peke yake. Mtu mzima akae karibu naye, aseme maneno machache, awaondoe wengine.

Kuhusu masomo, vifaa vya kusomea mtandaoni vikiwa viwili na wanafunzi sita, mwenye kipindi cha moja kwa moja apewe kwanza, na kazi za kupakua zipakuliwe usiku. Mtoto mwenye umri wa miaka 11 anayesoma kama wa miaka 7 asifundishwe na mdogo wake mbele ya wengine.

Swali litakalokuja, mara nyingi usiku, ni hili: mkifa nyinyi, tunakwenda wapi? "Hatutakufa" halimtoshi, kwa kuwa anawajua watu wazima waliotoweka. Mpe jina la mtu atakayewachukua. Kabla ya hapo zungumza na mtu huyo, apate idhini yoyote inayotakiwa na sheria za mahali mlipo, muandike karatasi yenye dawa za kila mtoto, mzio, na anavyopenda kulazwa. Kisha mtoto aongee na mtu huyo kwa simu.

Tahadhari kubwa kuliko zote ni pale mmoja anapougua na kutengwa. Kitaalamu chumba kinahitaji dirisha wazi, vyombo vyake, na choo chake kama kipo. Kama choo ni kimoja, mgonjwa aingie mwisho, kisha sehemu zinazoshikwa zipanguswe kwa dawa ya klorini: ile ya asilimia 5 huchanganywa mililita 20 kwa maji mililita 980, siku ileile ya matumizi, bila kuongezwa sabuni ya aina nyingine yoyote. Lakini kwa mtoto huyu, chumba cha peke yake ni kufukuzwa. Muonyeshe chumba wakati wote mkiwa wazima na mwache achague shuka. Akiugua, mwambie kabla hujamhamisha utamjia saa ngapi, na ufike saa hiyo hasa. Weka kiti nje ya mlango ulio wazi kidogo, usome kwa sauti. Mtoto mdogo asitengwe peke yake kamwe: mtu mzima mmoja, asiye na ugonjwa wa muda mrefu, aingie naye na wakae humo pamoja. Dawa ya homa ipimwe kwa uzito wa kila mtoto, na aspirini wasipewe kabisa. Akipumua kwa shida, midomo ikibadilika rangi au akashindwa kunywa, apelekwe hospitali mara moja.

Ziara za ndugu wa damu zikigeuka simu za video, zifupishe ziwe dakika 15 au 20, mtoto akiwa na kitu cha kuonyesha, mchoro au jino lililong'oka. Zisiwekwe kabla ya masomo wala karibu na kulala. Baada ya simu tarajia hasira au kukojoa kitandani. Mpe chakula na mchezo wa nje kama kuna ua, usimhoji. Wasio na mtu wa kuwapigia wapangiwe jambo lao wakati huohuo katika chumba kingine. Afisa ustawi akipiga, mtoto apewe nafasi ya kuongea naye bila wewe kusikiliza.

Shule zikikaribia kufunguliwa, anza wiki mbili kabla: kuamka mapema, kuvaa sare, kutembea hadi getini na kurudi. Asubuhi ya kwanza mwambie nani atamchukua na atasimama wapi, na mtu huyo awahi kabla ya kengele.