Mama Injinia Anajibu: Mteremko, maji ya mvua na ziwa la kutazama

SWALI: Shikamoo Mama Injinia. Nina kiwanja Luchelele hapa Mwanza, kinateremka kuelekea ziwani. Najenga nyumba ya wageni ya vyumba kumi. Fundi wangu anashauri tupasue mawe yote ya mbele na kukata miti ili kila chumba kione ziwa, uwanja mzima tuweke pevingi, halafu maji ya mvua tuyakusanye kwenye bomba moja la inchi sita liyapeleke moja kwa moja ziwani. Anasema hiyo ndiyo njia ya bei nafuu. Jirani wa chini ameanza kulalamika hata sijaezeka. Nimsikilize nani?
Mwenye Kiwanja, Luchelele

JIBU: Marahaba. Msikilize jirani.

Tuanze na hesabu ambayo haihitaji shule. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la vyumba kumi pamoja na mapokezi na jiko, nakisia, halitapungua mita za mraba 300. Uwanja wa pevingi, tuseme 500. Ikinyesha mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika ya Mwanza haimshtui mtu, umepata lita 40,000. Hayo ni maboza manne ya lita 10,000 yamefunguliwa kwa mpigo juu ya mteremko, na chini yake kuna nyumba ya mtu.

Kabla hujaingiza shoka na nyundo, mvua hiyohiyo ilikuwa inaanguka hapo na jirani alikuwa halalamiki. Maji yalikuwa yanapita kwenye majani, yanazama kwenye nyufa za mawe, yanakwama kwenye mizizi, na yaliyobaki yanafika chini taratibu, mengine kesho yake. Mvua haijaongezeka. Wewe ndiye unayeondoa kila kilichokuwa kinaichelewesha.

Bomba la inchi sita kwenye mteremko mkali huenda likayameza maji hayo, sitamsingizia fundi. Tatizo liko mdomoni. Maji yakitoka pale yana kasi ya kuchimba shimo, na udongo unaochimbwa unaingia ziwani. Halafu mvua ya kwanza baada ya kiangazi itasomba majani na chupa za plastiki, mdomo wa juu utaziba, na maji yote yatatafuta njia nyingine usiku wageni wakiwa wamelala. Nimefukua makalavati ya kutosha katika jiji hili kujua kinachokaa humo: chupa, viroba, godoro kuukuu, na mara moja kiti cha plastiki kizima na miguu yake minne.

Sasa hilo ziwa unalotaka kuliuza. Siku mvua kubwa ikikatika, nenda ukasimame mahali unapoweza kuona Mto Mirongo unavyoingia ziwani baada ya kupita katikati ya jiji. Utaona mstari, upande huu maji ya rangi ya chai ya maziwa, upande ule ya buluu, na kwenye mpaka povu na takataka zinacheza. Mgeni anayelipa ili aone Ziwa Victoria hakulipia upande wa chai. Na tope lile si rangi tu. Linabeba mbolea na uchafu wa vyoo vinavyolisha mwani na magugu maji, na maji ya bomba tunayokunywa Mwanza yanachotwa humohumo ziwani, Capri Point na Butimba. Mgeni wako atapiga mswaki kwa maji hayo.

Kuhusu mawe, hapa nitakuwa mkali. Mawe ya Mwanza yamebebana. Lile dogo la chini unaloliona halina kazi, mara nyingi ndilo limeshika kubwa la juu. Ukilichomea matairi mpaka lipasuke ili upate kokoto, hujui umefungua nini. Hilo ni la usalama. La biashara ni kwamba Jiwe la Bismarck liko kwenye kila picha ya jiji hili, na sijasikia mtu akidai lilipuliwe ili ziwa lionekane vizuri zaidi. Watu wanakuja kuona ziwa pamoja na mawe. Ziwa tupu wangeliona popote.

Kwa hiyo fanya hivi. Usisawazishe kiwanja kwa kukikata kama mkate. Panga vyumba kwa ngazi, kila safu ikikaa chini ya nyingine mita tatu au nne, ili paa la safu ya chini lisizidi sana sakafu ya safu ya juu. Hapo kila chumba kinaona ziwa, hujapasua jiwe hata moja la maana, na kila ngazi inakuwa mahali pa kuyapunguzia maji mwendo. Jengo moja refu lililolala kukingama ziwa ndilo linalonyima watu mandhari, wewe mwenyewe ukiwamo ukiwa nyuma yake. Vunja jengo hilo katika vipande, acha mianya.

Miti usiikate, ipogoe. Mwembe au mkuyu ukitolewa matawi ya chini, mtu aliyekaa barazani anaona ziwa chini ya kivuli, na mizizi inabaki kushika udongo.

Maji ya paa yaingie kwenye gata, gata ziende kwenye matenki. Nyumba ya wageni haikosi kazi ya maji, kuna mashuka na bustani. Tenki likijaa, maji ya ziada yapite kwenye mtaro wa mawe uliojengwa kwa vidaraja, yaani ngazi ndogondogo, sio mtaro wa saruji laini. Kila kidaraja kinavunja kasi. Mtaro uishie kwenye bustani ya bondeni yenye kina kidogo, imeoteshwa vetiva au majani mengine yenye mizizi mirefu, maji yatulie hapo na kuacha tope. Pevingi weka njia za magari peke yake, na uiache na mapengo ya changarawe.

Ukitaka shimo la kunyonyea maji, lijaribu kwanza. Chimba futi tatu, jaza maji, yakiisha jaza tena, ondoka, urudi kesho. Ukikuta bado yamesimama, chini ni mwamba na shimo hilo litakuwa bwawa la mbu. Lisikae chini ya mita tano kutoka kwenye msingi, na liwe mbali na shimo la choo.

Mwisho kwako, na hili lilipaswa kuwa la kwanza: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Usipime siku ziwa limerudi nyuma. Mei 2020 lilipanda mpaka likapita kidogo kiwango cha Mei 1964, na mwaka 2024 likapanda tena; waliojenga kwa kutegemea ufukwe wa kiangazi walihama na magodoro kichwani. Mafunjo na matete yaliyoko ukingoni yaache kama yalivyo, yanachuja maji bure. Kabla ya kumwaga zege fika ofisi ya mazingira ya taifa (NEMC) Kanda ya Ziwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, zote ziko Mwanza hapahapa.

SWALI: Mama, za kazi. Mimi naishi Igogo mlimani. Jirani wa juu amejenga ukuta na kuelekeza gata zake zote kwenye bomba linalomwaga nyuma ya jiko langu. Nikimwambia ananijibu maji yanashuka, hayapandi. Mvua ikinyesha nalala macho, ukuta wake umeanza kutoa tumbo.
Mama wa Igogo

JIBU: Pole mdogo wangu. Anza na hilo tumbo, maneno mengine yatafuata. Ukuta wa kuzuia udongo mara chache huanguka kwa uzito wa udongo mkavu. Mara nyingi unaangushwa na maji yaliyokaa nyuma yake. Angalia kama una matundu ya kutolea maji kwa chini, kila baada ya mita moja au mbili, na kama yanadondosha mvua ikinyesha. Kama hayapo, au yapo na ni makavu huku ukuta umelowa, hamisha kitanda cha watoto upande wa pili wa nyumba leo, kisha umwite mwenyekiti wa mtaa aone kwa macho yake. Piga picha mvua ikiwa inanyesha. Picha ya jua haina ushahidi.

Jirani yako amesema kweli nusu. Maji yanayoteremka yenyewe kwenye kilima hakuna wa kumshtaki. Ila aliyeyakusanya kwenye bati, akayatia kwenye bomba na kuyaelekeza kwako, hayo ni yake na inampasa ayafikishe kwenye mtaro wa umma. Mwambie hivyo mbele ya mjumbe, kwa upole, huku umebeba pendekezo: bomba lipite mpakani mwenu hadi mtaro wa barabara, gharama mgawane. Najua hupaswi kugawana. Lakini kesi inachukua miaka na ukuta hausubiri. Mtaro wa barabara ukiwa umeziba au haupo, hiyo ni kazi ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na barua ya majirani wote ina nguvu kuliko ya mmoja.

Na kwa kuwa umetaja Igogo, niseme jambo ambalo watu hawalipendi. Wapo wanaongoja mvua kubwa ili wafungulie vyoo, uchafu ushuke na mafuriko. Kila mtu mlimani anamjua anayefanya hivyo na kila mtu ananyamaza. Huko juu MWAUWASA, mamlaka yetu ya majisafi na majitaka, walishatandaza mabomba membamba ya majitaka yanayopita juu na kati ya mawe, mahali ambapo zamani tuliambiwa bomba haliwezi kupita. Kama laini imefika karibu nawe, jiunge. Kama huyo wa juu yako naye hajajiunga, unajua sasa nyuma ya jiko lako kunamwagika nini.

SWALI: Mama Injinia, nipo Bwiru. Aliyenunua kiwanja cha chini yangu anajenga ghorofa. Nilinunua hapa kwa sababu ya ziwa. Naweza kumzuia?
Mstaafu wa Bwiru

JIBU: Kwa sababu ya mandhari peke yake, ni vigumu. Sheria ya Kiingereza tuliyoirithi, ile inayotokana na hukumu za mahakama, ilishasema tangu mwaka 1610 kwamba kuona mbali ni jambo la raha, si la lazima, na mtu hashtakiwi kwa kukunyima. Njia iliyopo ni makubaliano: Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua haki ya kipande kimoja cha ardhi kubana matumizi ya kingine, kwa mfano kutozidi urefu fulani, ikiandikwa na kusajiliwa. Mwenzako akikubali utamlipa. Mwone mwanasheria wa ardhi.

Kwanza lakini pima, huenda unaogopa bure. Chukua ule mpira mweupe wa maji ambao mafundi husawazishia msingi, mtu mmoja ashike ncha barazani kwako na mwingine ashuke nao, mkipima kwa vipande mpaka kwenye msingi wake. Kama ardhi inashuka mita moja kila mita tano, na nyumba yake iko mita 30 kutoka kwako, msingi wake uko mita sita chini ya sakafu yako. Nyumba ya kawaida ya mita nne na nusu hutaiona ikikuzuia. Ghorofa moja, tuseme mita saba na nusu mpaka kwenye kofia ya paa, itazidi sakafu yako kwa mita moja na nusu: ukisimama unaona juu yake, ukikaa kwenye kiti unaona bati. Ghorofa mbili, ziwa limekwenda. Mwombe apunguze mwinuko wa paa. Kwa bati inawezekana, na yeye anaokoa mbao.

Kisha fika Manispaa ya Ilemela ukaulizie kibali chake cha ujenzi kinasema ghorofa ngapi, na ameacha nafasi kiasi gani mipakani. Anayezidisha kibali anazuilika kwa hilo, wala huna haja ya kutaja ziwa. Nenda kabla hajafunga nondo za slabu. Zege likishamwagwa hutaona ofisa mwenye haraka.