Kabla chama chenu hakijanunua hisa ya farasi, niulizeni mimi ninayefagia banda lake

Jumapili iliyopita nilikuwa nimeinama, mguu wa farasi umelala juu ya goti langu, chuma cha kuchokolea kwato mkononi, simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Alikuwa mweka hazina wa chama chetu cha Wakenya wa mashariki mwa Uingereza. Chama hicho kimeshanunua ploti Kitengela, kimeshasafirisha maiti watatu nyumbani, na sasa mtu mmoja ameona tangazo, kwa hiyo wanataka hisa ya farasi wa mbio.

"Kaka, ni mtamba wa mwaka mmoja, damu ya Galileo, yule dume bingwa. Asilimia tano tu. Wewe si uko huko ndani? Sema ndiyo au hapana."

Nilimwambia nitaandika. Hilo si swali la kujibiwa na mtu aliyeshika mguu wa mnyama wa kilo mia tano.

Kwa wasionijua, baba yangu alikuwa saisi katika uwanja wa Ngong, Nairobi, na harufu ya nyasi kavu niliijua kabla ya kujua kusoma. Leo ni mwaka wa tisa niko Newmarket, mji mdogo wa Suffolk wenye farasi kama elfu tatu walio mazoezini, ambako asubuhi magari husimama kuwapisha. Kazi yangu ni ile ile ya baba. Nina farasi wanne: nawalisha, nawapanda mazoezini, nawasugua, natoa mavi yao. Mimi si mkufunzi wala dalali. Ila niliwahi kushiriki katika kuuza mbuzi kwenye gunia, na aliyefunga gunia ni mimi mwenyewe.

Mwaka wangu wa tatu hapa, shemeji yangu wa Leicester alitoa pauni 900 kwa neno langu. Alinunua hisa ya mtamba aliyekuwa kwa mkufunzi mwingine, mbali na banda letu. Nilikuwa nimeusoma ukurasa wake wa katalogi, nikaona jina la baba yake, nikasema huyu twende. Nilisoma mstari mmoja kati ya arobaini.

Sikilizeni hesabu hii. Dume la mbegu lenye jina hupandishwa majike zaidi ya mia moja kwa msimu mmoja. Jike hubeba mimba miezi kumi na moja na kuzaa mtoto mmoja. Kwa hiyo kuwa na baba mashuhuri ni jambo ambalo mamia ya farasi wanalo. Mama ndiye anayemtofautisha huyu na yule. Dume aitwaye Frankel alikimbia mara 14 akashinda zote 14, na mwaka 2025 ada ya kumpelekea jike mmoja ilikuwa pauni 350,000. Bado wapo watoto wake ambao hawajawahi kushinda hata mbio za kijijini. Nendeni kwa mama basi. Amezaa wangapi? Wangapi walifika uwanjani? Wangapi walishinda, na walishinda wapi? Katika katalogi, majina ya walioshinda mbio kubwa huchapwa kwa herufi kubwa nzito, na waliofika nafasi za juu kwa herufi nzito ndogo. Mkiona ukurasa wenye weusi wote huko chini kabisa, kwa nyanya na mama wa nyanya, na kwa mama mwenyewe pamekuwa peupe, fahamuni kwamba mnauziwa ukoo uliokuwa tajiri zamani.

Mama wa mtamba wetu alikuwa amezaa wanane. Sita walikimbia. Aliyeshinda ni mmoja, mara moja. Yote hayo yalikuwa yameandikwa palepale.

Na hilo la "damu ya Galileo", mweka hazina, ngoja kidogo. Galileo alishinda Derby ya Epsom mwaka 2001, akawa dume bingwa wa Uingereza na Ireland mara 12, akafa Julai 2021. Watoto wake wa mwisho walizaliwa 2022. Mtamba wa mwaka mmoja anayeuzwa leo hawezi kuwa binti yake. Ni mjukuu au kitukuu, na wajukuu wa Galileo hapa wamejaa kama akina Otieno kule Kisumu. Baba yake Galileo alikuwa Sadler's Wells, na baba yake huyo alikuwa Northern Dancer wa Kanada, ambaye damu yake imeenea karibu kila banda la Ulaya. Ukoo huu wa farasi, thorobredi, una kitabu chake cha nasaba kilichochapishwa mara ya kwanza 1791, na kwa upande wa baba wote hurudi kwa madume watatu walioletwa Uingereza kutoka Mashariki. Hata kupandikiza mbegu kwa sindano hakuruhusiwi. Dume na jike lazima wakutane ana kwa ana. Mtu akikuuzia "damu" pekee, amekuuzia kitu ambacho jirani yako pia anacho.

Kuna kipimo cha jeni ambacho mtasikia kikitajwa. Ni cha kweli. Emmeline Hill na wenzake wa chuo cha University College Dublin walichapisha mwaka 2010 kwamba jeni moja inayohusika na misuli husaidia kubashiri farasi atapenda umbali gani: mfupi, wa kati au mrefu. Inakuambia umbali. Kama ana kipaji, hiyo haisemi. Hata hivyo ningekuwa nimeuliza, labda mtamba wetu asingekimbizwa mita 1,000 mara tatu mfululizo wakati umbo lake lote lilikuwa linaomba mita 2,400.

Ulizeni pia mwezi aliozaliwa. Huku kila thorobredi hutimiza mwaka tarehe 1 Januari, awe alizaliwa Januari au Mei. Wetu alizaliwa katikati ya Mei. Mbio za farasi wa miaka miwili zilipoanza katika majira ya kuchipua, kwa karatasi alikuwa na miaka miwili, kwa mifupa hakuwa nayo. Mkufunzi wake alikuwa na haraka. Alimkimbiza mapema, mifupa ya mbele ya miguu ikaanza kumuuma, akapumzishwa wiki sita, akarudishwa, ikauma tena. Kila mwezi bili ilifika Leicester, apumzike asipumzike. Kumweka farasi mazoezini hapa ni zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka, na katika mbio za daraja la chini mshindi anaweza kuondoka na elfu tatu au nne. Fanyeni hesabu hiyo mkiwa mmekaa.

(Mkienda mnadani Tattersalls msishtuke: bei hutajwa kwa gini. Gini moja ni pauni moja na senti tano. Ukisikia elfu kumi, utalipa elfu kumi na mia tano, na kodi bado.)

Sasa miguu. Kila mtu atakuambia usinunue farasi mwenye miguu iliyopinda, na mimi nasema hivyo hivyo. Kisha nakumbushwa mtamba aitwaye Attraction. Miguu yake ya mbele ilipinda hivi kwamba mfugaji wake, Duke wa Roxburghe, alibaki naye mwenyewe. Mwaka 2004 alishinda mbio kubwa za 1000 Guineas hapa Newmarket, kisha ile ya Ireland, jike wa kwanza kuzichukua zote mbili. Kwa hiyo kanuni ya miguu nina imani nayo kiasi. Ninachokiamini zaidi ni mkono wa anayemgusa farasi kila siku.

Nikifungua mlango alfajiri, saa kumi na moja na nusu, kitu cha kwanza ninachotazama ni ndoo ya chakula. Farasi aliyebakiza chakula anasema jambo. Halafu kipimajoto chini ya mkia. Halafu napiga magoti kwenye machujo ya mbao na kuteremsha kiganja nyuma ya kila mguu wa mbele, kutoka gotini hadi kwenye kifundo, juu ya kano. Mguu wa kushoto, wa kulia, tena wa kushoto. Nikikuta upande mmoja una joto kuliko mwingine, hata joto la kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani, namwita msimamizi na farasi huyo hatoki siku hiyo. Kano ikichanika, ni mwaka mzima, au ndio mwisho. Joto lile la asubuhi ndiyo onyo pekee utakalopewa. Baba alinifundisha hili akiwa amenifumba macho kwa kitambaa, ili nisitazame, niguse tu.

Kwa hiyo chama kikitembelea banda, msimwombe mkufunzi awaonyeshe vikombe. Ombeni kukutana na saisi wa farasi wenu. Muulizeni anatunza farasi wangapi. Akisema wanne, sawa, akisema saba, hakuna mkono unaoweza kugusa miguu ishirini na minane kwa makini kabla jua halijachomoza. Muulizeni farasi wenu anakula vipi, analala vipi, ana tabia gani. Saisi anayemjua atawachosha kwa maneno. Tazameni milango: iliyotafunwa ukingoni inaonyesha farasi anayeng'ata mbao na kumeza hewa kwa uchovu wa kufungiwa. Wengi wao hukaa bandani zaidi ya saa ishirini kwa siku, na vidonda vya tumbo ni vya kawaida kuliko watu wanavyokiri. Muulizeni mkufunzi kama farasi hutolewa malishoni, na mara ngapi. Jibu likianza na "inategemea", subirini amalize sentensi.

Kuhusu mjeledi, najua mtaniuliza, kwa sababu kila Mkenya anayekuja uwanjani hapa huniuliza. Nikiwa mtoto pale Ngong niliona mjeledi ndio mbio zenyewe. Hapa umewekewa sifongo, na tangu 2023 joki, yaani mpandaji, katika mbio za uwanda anaruhusiwa mapigo 6, na za kuruka viunzi 7. Haruhusiwi kuinua mkono juu ya bega, na lazima ampe farasi nafasi ya kuitikia kabla ya kupiga tena. Akizidisha mapigo manne, farasi mwenyewe huondolewa kwenye matokeo, na uamuzi unaweza kuja siku kadhaa baada ya mbio, mkiwa mmeshakula nyama choma ya ushindi. Ufaransa ilishuka hadi mapigo manne mwaka huo huo. Norway ilishapiga marufuku tangu 1982 kumchapa farasi ili aongeze mwendo, na farasi wao bado wanakimbia.

Maoni yangu? Farasi niliyemtunza mimi alichapwa mawili zaidi ya kikomo mita mia za mwisho. Ushindi ukabaki, joki akafungiwa siku kadhaa. Jioni nilipomsugua, farasi alikuwa ameinamisha masikio nyuma kila nilipofika ubavuni. Alichukua wiki mbili kuacha. Ningeishi vizuri tu bila mjeledi, isipokuwa wa kumwelekeza asije akaingilia mwenzake.

Kuna kanuni nyingine muhimu zaidi kwa mfuko wenu. Joki analazimika kumpanda farasi ili apate nafasi bora kabisa anayoiweza. Msimamizi wa hisa akiwanong'oneza kwamba "leo tunamfundisha tu, tutashinda mwezi ujao", ondokeni. Anawaeleza kosa la kuadhibiwa kana kwamba ni mkakati. Na ninyi mnaonitumia ujumbe Ijumaa usiku mkitaka habari za ndani za kubetia, tafadhali nihurumieni. Saisi akiuza siri za bandani anafukuzwa katika mchezo huu, na mimi nina karo ya watoto.

Swali la mwisho huwa halimo kwenye tangazo lolote: akimaliza, anakwenda wapi? Wengi huacha mbio wakiwa na miaka mitano au sita, na farasi anaweza kuishi ishirini na tano. Tangu Januari 2022, hakuna farasi anayekimbia Uingereza kabla pasipoti yake haijathibitisha kwamba ameondolewa katika chakula cha binadamu. Ni hatua nzuri, lakini karatasi haimlishi. Lipo shirika la mchezo wenyewe, RoR (Retraining of Racehorses), lililoanzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya kuwafundisha maisha mapya. Takeni iandikwe kwenye mkataba: nani anaamua, nani analipa, na kwamba hauzwi kwa mtu yeyote tu aliyekuja na trela.

Mtamba wa shemeji alikimbia mara saba. Mara moja alikuwa wa tatu. Aliuzwa gini 1,000, pesa ya shemeji ikabaki kama ya nauli, na kwa bahati, narudia, kwa bahati, alichukuliwa na mama mmoja wa Norfolk anayewafundisha farasi waliostaafu. Mwezi uliopita alinitumia picha. Amenenepa, ana matope hadi masikioni, na juu yake amekaa msichana wa miaka kumi hivi asiyejua hata alikuwa wa nani. Nilimtumia shemeji. Alijibu kwa neno moja: "Tumbo!"

Basi, mweka hazina, jibu langu bado si ndiyo wala hapana. Nitumie ukurasa mzima wa katalogi, usiwe umepigwa picha ya nusu ya juu. Jumamosi nimewapangia nafasi ya kumwona mtamba wenu saa tatu asubuhi, na nimeshaongea na saisi wake, kijana wa Kihindi, ana farasi wanne. Njooni na viatu vya mpira, na yule wa manukato mengi akae nyuma; farasi hawampendi.