Nilisugua uso miaka minne, kumbe si chunusi

Kwa miaka minne niliamini nina chunusi za ukubwani. Mashavu na pua vilikuwa vikiwaka ghafla, kama mtu aliyefunua sufuria inayochemka mvuke ukampiga usoni. Baada ya siku mbili tatu vilichomoza vipele, vingine vyenye usaha. Nikashika dawa za chunusi: sabuni ya kukausha mafuta, skrabu ya punjepunje, maji yenye spiriti ya kufutia uso. Kila nilipozidisha usafi ngozi ilizidi kuchachamaa, nami nikazidi kusugua.

Daktari wa ngozi ndiye aliyeniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: kwenye hivyo vipele, umewahi kuona vichwa vyeusi? Sikuwahi. Chunusi huanzia kwenye kinyweleo kilichoziba, ndiyo maana huja na vichwa vyeusi na vyeupe. Rosasea, ugonjwa wa ngozi ya uso ambao aliniambia ndio ninao, haina hivyo. Kisha akabana shavu langu kwa kipande cha kioo. Rangi ikafifia. Alipoachia, ikarudi. Lile nililodhani ni doa lilikuwa damu iliyojaa kwenye mishipa midogo iliyotanuka.

Ngozi yangu ni nyeusi, na hilo lilinichelewesha. Picha nyingi za rosasea ni za watu weupe wenye mashavu mekundu kama nyanya. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hujificha. Unaweza kuonekana kama weusi uliokolea au rangi ya damu ya mzee, au usionekane kabisa, ukabaki na hisia tu: joto, ngozi kukaza, na kuchonyota kila unapopaka kitu. Ukiwa na hali hiyo katikati ya uso, yaani mashavu, pua, kidevu na paji, inayokuja na kuondoka kwa miezi, mtajie daktari neno rosasea wewe mwenyewe. Usisubiri alifikirie.

Huu ni ugonjwa wa muda mrefu ambao kinga ya ngozi hushtuka kwa mambo madogo na mishipa ya uso hutanuka upesi, ikachelewa kusinyaa. Kuna pia utitiri mdogo sana, Demodex, unaoishi kwenye vinyweleo vya watu wazima karibu wote. Kwa wenye rosasea mara nyingi huwa mwingi kupita kawaida. Mara nyingi ugonjwa huanza kati ya miaka 30 na 50. Hauambukizi, na hauletwi na uchafu. Wala si alama ya ulevi, ingawa watu hulisema hilo na linaumiza: pombe inaweza kuamsha uso, lakini wapo wengi wenye rosasea ambao hawajawahi kuionja.

Kosa langu kubwa halikuwa skrabu, lilikuwa krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, niliyoinunua bila kumwona daktari. Wiki ya kwanza uso ulitulia nikafurahi mno. Miezi michache baadaye ngozi ilikuwa nyembamba, na nilipoacha kupaka, uso ulilipuka kuliko mwanzo. Nikarudia kupaka. Huo ndio mtego wenyewe: krimu inaonekana ndiyo inayokuokoa, kumbe ndiyo inayokurudisha kule kule. Soma majina kwenye tyubu. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, hiyo si ya kupaka usoni kwa uamuzi wako. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi huwa nazo pia, hata bila kuandikwa. Na kama umeshatumia kwa miezi, usiache peke yako kwa ghafla. Nenda kwa daktari akupangie namna ya kutoka, maana wiki za kwanza ni ngumu na utataka kurudi.

Dawa zipo, ila hazina haraka. Za kupaka zinazotumika sana ni metronidazo, asidi azelaiki na ivermektini ya asilimia 1 iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi ya binadamu. Ile ya mifugo iache kabisa. Vipele vikiwa vingi daktari huongeza antibiotiki ya kumeza iitwayo doksisaiklini. Hiyo unameza kwa glasi nzima ya maji, hulali papo hapo, unajikinga na jua zaidi, na haifai kwa mjamzito. Mimi nilipewa metronidazo. Wiki ya nne nilikata tamaa, wiki ya tisa ndipo vipele vilianza kupungua. Jipe miezi miwili hadi mitatu kabla ya kusema dawa imeshindwa. Mishipa iliyokwisha kutanuka haiondoki kwa krimu, hiyo huhitaji leza, na kwa ngozi nyeusi mtafute mtaalamu aliyeizoea kweli, kwa sababu leza inaweza kuacha madoa.

Siku hizi naosha uso kwa vidole, maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, nakausha kwa kugusagusa taulo, napaka losheni ya kawaida. Asubuhi naongeza krimu ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi, ya zinki oksaidi, kwa kuwa hiyo hainichonyoti. Mentholi, kafuri na spiriti havigusi tena uso wangu.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni daftari. Kila uso ulipowaka niliandika saa, nilichokula au kunywa, hali ya hewa, na nilivyokuwa moyoni. Nilikuwa nimeacha pilipili kwa mwaka mzima bure: hainifanyi chochote. Vinavyouwasha uso wangu ni chai ya moto sana, jua la mchana, na hasira ninayoimeza. Chai nikiiacha ipoe, nakunywa bila shida. Usiache vyakula kumi kwa sababu umeviona kwenye orodha ya mtu mwingine, andika yako.

Na angalia macho. Rosasea huingia huko pia, na wengi hawajui kama ni ugonjwa ule ule: macho makavu kama yana mchanga, kope kuvimba kingoni, chokea za mara kwa mara. Mwanga ukianza kukuumiza au ukaona ukungu, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Dalili zangu ni za kope tu. Jioni nafumba macho, naweka kitambaa safi kilichochovywa maji ya uvuguvugu kwa dakika tano, kisha nasafisha kingo za kope taratibu. Ni kwenye kope tu ninaporuhusu joto, na mashavu nayaacha nje ya kitambaa.