Maneno au mahadhi: tazama kwanza wimbo ni wa aina gani

Salaam, ndugu. Umeuliza kwa nini rumba ya Kongo inakuburudisha ilhali hujui Kilingala, lakini taarabu ya Unguja haikugusi, na kama hiyo ina maana kwamba mahadhi yana uzito kuliko maneno.

Katika rumba, hata asiyeelewa neno hubebwa na sebene, pale uimbaji unapopungua na magitaa yakapokezana. Ndiyo maana nyimbo za Franco, mpiga gitaa maarufu wa Kongo, zilipendwa sana Dar es Salaam na Nairobi. Taarabu ni kinyume, kwa kuwa kiini chake ni shairi lenye vina na mizani, na fumbo likimfikia msikilizaji ndipo anapoinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyerekodi Bombay mwaka 1928, aliwagusa watu wa kawaida kwa kuwaimbia Kiswahili, wakati taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa ya Kiarabu.

Nakushauri uandike beti za wimbo mmoja, uzisome bila muziki, kisha uusikilize upya. Mimi hufanya hivyo kila fumbo linaponishinda. Kwangu maneno yako mbele, ila katika taarabu tu.