Kabla hujafunga feni kwenye tanuri la kuni

Tanuri la kwanza nililolifungia feni ya kujiendesha lilikuwa la mama mmoja wa Igombe, hapa Mwanza, anayekausha sangara kwa moshi na kuwauza soko la Mwaloni, Kirumba. Siku ya kwanza tu niliwaunguza samaki wake wote. Nimeanza na hilo, mdogo wangu, ili ujue anayekushauri ni fundi wa namna gani.

Kosa lenyewe halikuwa la waya. Nilikuwa nimechukua programu mtandaoni, imeandikwa vizuri na mtu wa nchi ya baridi, nikaipakia kwenye bodi ya Arduino, kikompyuta kidogo cha kuendeshea mitambo, na kubadilisha namba mbili tatu. Sasa, wenzetu wa huko wana jiko la chuma la kuni sebuleni, kazi yake ni kupasha nyumba joto. Feni yao haipulizi moto kabisa. Inapitisha hewa ya chumba kwenye ubavu wa jiko lililopata moto na kuitawanya ndani ya nyumba. Kwa hiyo inatakiwa iwake bati la jiko likifika kama digrii 45, na izime likipoa hadi 32 hivi, isije ikawapulizia watu ubaridi. Kwao hiyo ni akili tupu.

Feni yangu mimi ilikuwa inapuliza makaa, kama mivukuto ya mhunzi. Basi tanuri likapata joto, feni ikawaka. Ilipowaka, moto ukakolea. Moto ulipokolea, joto likapanda, na programu kila ikitazama inaona joto liko juu, inaendelea kupuliza. Mafuta ya sangara yakaanza kudondoka kwenye makaa na kushika moto. Mimi nilikuwa nje nanywa chai, nimeridhika kabisa na ukimya wa rilei, ile swichi ambayo bodi huitumia kuwasha na kuzima feni. Mama ndiye aliyeniita: “Baba, huu moshi mbona mweusi?” Tulipofungua mlango, trei ya chini ilikuwa inawaka kama mwenge.

Nilimlipa samaki wake kwa awamu mbili. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, jiulize feni yako inafanya kazi upande gani wa moto. Inayosambaza joto huwaka tanuri likiwa na moto. Inayopuliza kuni huwaka tanuri likiwa limepoa, na huzima likifika unapotaka. Kwenye programu tofauti yao ni alama moja tu, ile ya “kubwa kuliko” na “ndogo kuliko”.

Ukishageuza alama, usifurahi haraka, kwa sababu feni ya kupuliza ina ugonjwa wake. Sensa, yaani kipima joto cha tanuri, ikikuambia tanuri limepoa, haikuambii kwa nini. Huenda kuni zimelala zinahitaji upepo. Huenda pia kuni zimekwisha, na feni yako itapuliza majivu juu ya samaki wa watu mpaka betri ya sola ife. Nimeliona hilo pia. Siku hizi naweka saa ndani ya programu: feni ikipuliza dakika kumi na joto halijapanda hata digrii tano, izime na kengele ilie. Mwenye tanuri aje aongeze kuni, hiyo si kazi ya feni.

Ugonjwa wa pili ni waya wa sensa kukatika. Panya wapo, na vijana wanaobeba trei hawaangalii chini. Chipu ya MAX6675, hii tunayoitumia wengi kusomea themokapo (sensa ya nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani), ina alama ya ndani inayobadilika waya ukiachia. Programu nyingi za kunakili haziisomi kabisa, zinasoma namba tu. Isome. Waya ukiachia, feni izime. Tanuri lisilo na sensa litapoa na mama atalalamika, sawa. Ila lisilo na sensa huku feni inapuliza litakupeleka kwenye mazungumzo na mjumbe wa nyumba kumi.

Na juu ya hayo yote mimi naweka kitu ambacho hakijui programu. Kwenye birika la umeme au jiko la umeme la kupikia wali lililokufa kuna kidude cha duara chenye miguu miwili, swichi ya joto. Mara nyingi namba yake imepigwa muhuri mgongoni. Tafuta inayokata kwenye 120 hivi, ifunge juu ya tanuri, na upitishe waya wa feni humo. Hata bodi ikichanganyikiwa, kidude hicho kitakata. Bei yake ni ya vocha.

Sasa tuje kwenye sensa, na sisemi ile ya kuhesabu watu. Wanaoanza wengi huja na DS18B20 kwa sababu ni rahisi kuprogramu. Ni nzuri kwa maji na kwa chumba, lakini mwisho wake ni digrii 125, na tanuri la kuni linafika huko bila kukuaga. Tumia themokapo ya aina ya K. Ina mambo mawili yatakayokupotezea siku nzima kama hujaambiwa.

La kwanza ni rangi. Kwa viwango vya Marekani, waya wa njano ndio chanya na mwekundu ndio hasi. Ndiyo, mwekundu hasi, fundi umeme yeyote anaumwa kichwa. Kwa viwango vingine vya kimataifa chanya ni kijani na hasi ni mweupe. Nyingi za bei nafuu madukani zina nyekundu na bluu, na hapo nyekundu ni chanya. Usikariri. Washa kiberiti chini ya ncha: namba ikishuka badala ya kupanda, geuza waya.

La pili ni kuunga. Waya ulikuwa mfupi, nikauongezea na waya wa kawaida wa shaba, nikaficha kiungo ukutani kwa tanuri kikae safi. Tanuri likawa linasoma pungufu digrii ishirini na kidogo, nikadhani chipu mbovu, nikanunua nyingine, na ya pili ikasema vilevile. Ukweli ni kwamba themokapo haipimi joto la ncha peke yake. Inapima tofauti kati ya ncha na pale waya wake unapoishia, kisha chipu inajumlisha joto la pale ilipo chipu yenyewe. Nilipounga shaba, waya wa themokapo uliishia kwenye ukuta wenye digrii 50, huku chipu ikiwa kwenye boksi lenye 28. Zile 22 za katikati hazikuhesabiwa na mtu. Nunua waya mrefu wa themokapo, au sogeza boksi.

Halafu jambo dogo la hapa kwetu. Utataka kuhakiki sensa kwenye maji yanayochemka, utaona 96, utaanza kurekebisha programu iongeze nne. Acha. Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Mwanza yanachemka karibu na digrii 96. Zile 100 za kitabuni ni za Dar.

Usisome chipu mara nyingi kupita kiasi. Inahitaji kama robo ya sekunde kumaliza kipimo kimoja, na ukiiuliza kabla haijamaliza inaanza upya. Namba inaganda palepale, wewe unafikiri joto limetulia. Mara moja kwa sekunde inatosha, moto wa kuni hauna haraka hivyo.

Kuhusu namba za kuwasha na kuzima, weka pengo. Mimi mwanzoni niliweka namba moja, 80, juu yake zima, chini yake washa. Rilei ililia kama panzi usiku kucha na haikumaliza mwezi. Tena ukizima feni kwenye 80 tanuri halisimami kwenye 80, makaa yaliyokwishapulizwa yanaendelea kutoa joto. Tanuri la Igombe lilikuwa linapanda zaidi ya digrii kumi baada ya feni kuzima. Basi nikaweka izime kwenye 72 na iwake kwenye 66, na samaki wakakaa wanapotakiwa. Namba zako zitakuwa nyingine. Kaa na tanuri siku mbili na daftari. Na saa za mwanzo moto uwe mdogo zaidi, maana samaki akipigwa na moto mkali mapema ngozi inakauka na kufunga maji ndani, akifika kwa mteja ameshaota ukungu.

Kilichonisumbua muda mrefu kuliko vyote hakikuwa umeme kabisa. Asubuhi tanuri lilitii. Ikifika saa nane mchana, feni imezima, taa ya rilei haiwaki, na joto linapanda tu: 90, 100, 110. Nilibadilisha rilei. Nilibadilisha bodi. Siku moja nikakaa karibu na bomba la hewa kuvuta pumzi, nikahisi upepo shingoni. Mchana nchi kavu inapata moto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na mdomo wa bomba langu ulikuwa umelitazama ziwa. Feni imezima, ziwa linapuliza! Usiku upepo unageuka, ndiyo maana sikuliona nilipokuwa najaribu mitambo yangu kwa utulivu baada ya kazi.

Niligeuza mdomo wa bomba, na ndani yake nikaning'iniza ulimi wa bati jepesi, feni ikipuliza unanyanyuka, ikizima unaanguka na kuziba. Ulimi huo ulitibu na jambo jingine. Feni yangu ya plastiki, ya kompyuta, ilikuwa imeshayeyuka mara moja, kwa sababu feni ikisimama joto la makaa linarudi nyuma kwenye bomba kuitafuta. Weka bomba la chuma refu, zaidi ya mita, na feni ikae chini ya usawa wa moto.

Betri, sola na fyuzi unavijua, au utavijua kwa fundi yeyote. Weka tu na swichi ya mkono ya kuruka mitambo yote, mahali mwenye tanuri anapafikia bila kukuita.

Yule mama bado anatumia tanuri lile. Anatazama namba kwenye kioo, kisha anaingiza mkono mlangoni na kuhesabu kimoyomoyo. Mwezi uliopita alinipigia. “Shikamoo mama.” “Marahaba. Kidude chako kinasema sabini, mkono wangu unasema zaidi.” Nilikwenda na mita yangu, ilikuwa 83. Ncha ya sensa ilikuwa imevaa koti la masizi na mafuta, nene kama ganda la muhogo. Niliikwangua kwa kisu, nikaisugua kwa majivu na kitambaa, ikasema kweli. Sasa anaisafisha mwenyewe kila Jumamosi, tanuri likiwa limepoa.