Madereva wapya wa malori, Tunduma hadi Kasumbalesa, punguzeni mdomo

Nimewavumilia vya kutosha. Kila nikikaa foleni ya Nakonde, ng'ambo ya Tunduma upande wa Zambia, namsikia dereva mgeni, kiti cha kichwa hakijamzoea mgongo, anamwambia mama muuza vitumbua, "Nyie bila sisi Watanzania mngekuwa wapi?" Wadogo zangu, nawapenda, lakini mtatuponza. Kurudisha tela nyuma mtajifunza, mizani mtaizoea. Huo mdomo ndio unaonitisha. Shikeni haya.

1. Kadi ya homa ya manjano na kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ni vitu viwili. Moja ya mwili wako, nyingine bima ya gari. Kuna mwenzenu alifika Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Congo, na moja, akaapa kwamba ndiyo hiyohiyo. Ukivuka Nakonde rudisha saa yako nyuma kwa saa moja, usije ukagombana na mlinzi kwa nini ofisi haijafunguliwa.

2. Salamu. Kwa Wabemba, wenyeji wa kaskazini mwa Zambia, mkubwa husalimiwa kwa makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, magoti yamelegea. "Oya, mambo!" kutoka dirishani huku injini inanguruma haihesabiki.

3. Usimfundishe mtu historia ya nchi yake. Hapa sisemi ya kuambiwa, niliungua mwenyewe. Ndiyo kwanza nimetoka utingo, nimekabidhiwa gari, nimebeba salfa ya Likasi, kule Congo. Kabla ya Mpika, Zambia, senta bolti ya springi ya nyuma ikakatika, ekseli ikasogea, gari linakwenda upande kama kaa. Nikaletewa fundi mzee, mstaafu wa karakana ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, palepale Mpika. Kiswahili kinamtoka bila shida, maana ujana wake wote alifanya kazi na Watanzania. Akaingia chini ya tela. Mimi nimechuchumaa, nashika tochi na kuhubiri: Mwalimu, Wachina, Reli ya Uhuru, kilomita 1,860. Mzee anaitikia tu "mm". Nikanogewa. Nikasema, "Mzee, sisi tuliwabeba sana. Ninyi mlikaa tu na kopa yenu, shaba hiyo."

Spana ikanyamaza. Akatoka, akajifuta mikono kwa kipande cha gunia, kidole kimoja kimoja, halafu akaniuliza nimezaliwa mwaka gani. Nilipomtajia akatikisa kichwa. Akaniambia mwaka 1979, majeshi ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, yalipolipua daraja la TAZARA la mto Chambeshi, yeye alikuwa kazini kwenye reli hiyohiyo ninayomhubiria. Mwaka mmoja nyuma ndege zao zilikuwa zimepiga kambi za wapigania uhuru karibu na Lusaka. ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, makao yake yalikuwa Lusaka hiyohiyo. Mpaka wa kusini, wa Rhodesia, ulifungwa mwaka 1973, kopa ikahangaika njiani, sabuni na mafuta ya kula vikawa vya kupangia foleni. "Mlitubeba," akasema. "Na mabomu yalikuwa yanamwangukia nani?"

Nikatafuta neno nikalikosa. Akarudi chini, akamaliza kazi, akakaza kila nati, akachukua bei ileile tuliyopatana, hata ngwee moja hakuongeza. Chai niliyomnunulia hakuigusa. Afadhali angenitukana, au angenipiga bei ya mgeni, ningejua tumelipana.

Na si kwamba nilidanganya. Ian Smith, mkuu wa serikali ya walowezi wa Rhodesia, alipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilibanwa kweli, na mzigo ukaelekezwa Dar. Bomba la TAZAMA likaanza kupeleka mafuta kutoka Dar hadi Ndola, Zambia, mwaka 1968, reli ikafuata. Tulijibana, hilo halina ubishi. Ila shuleni nilisoma sana jinsi Dar ilivyobeba, na jinsi Zambia ilivyopigwa nikaja kuisomea chini ya tela.

4. Congo. Ukivuka unahamia kulia, ubandike karatasi kwenye dashibodi kama hujiamini. Usipige picha askari, daraja wala mpaka. Bendera ikipandishwa au ikishushwa, simama ulipo, simu chini. Na zile hadithi za "Kabila tulimtunza sisi Dar" ziacheni Tunduma. Ni kweli Laurent Kabila, aliyekuja kuwa rais wao, aliishi kwetu, lakini kwao ni vita iliyomfikisha Kinshasa mwaka 1997, ni iliyofuata, ni risasi zilizomuua mwaka 2001. Katanga, upande huo unaoingia, ndiko mwanasiasa wa huko Tshombe alikotangaza kujitenga mwaka 1960, na ndiko Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo, alikouawa Januari 1961. Kwenye meza moja ya bukari, ugali wa kwao, pale Lubumbashi unaweza kukaa na wajukuu wa pande zote hizo. Wewe kula, nawa, lipa.

5. Akitokea mtu kukwambia kwamba Congo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo mpaka umelegea, mwambie apande kichwa mkakae wote foleni. Beba maji, dawa ya tumbo na turubai la akiba. Na wakala akikuapia kwamba kesho asubuhi unatoka, mwitikie vizuri, halafu injika dagaa.