Maswali Yenu: Boti ya Kukodi, Mshipi na Upepo wa Tanganyika

Wiki hizi maswali ya kwenda kuvua kwa ndoana nje ya ghuba ya Kigoma yamezidi mengine yote. Nimechukua saba. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu linahusu uhai wa watu.

Tuko wanne, tunakuja na treni kutoka Tabora. Tumeambiwa kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, hapo Kigoma, boti zipo tele. Tuangalie nini kabla ya kutoa hela?

Karibuni sana. Boti zipo, ila nyingi ni za abiria na mizigo au za kazi ya dagaa. Hazikuundwa kwa ajili ya mtu anayetaka kusimama na fimbo huku anavutana na samaki. Kwa hiyo ingieni wote wanne ikiwa bado imefungwa ufukweni, msimame upande mmoja muone inavyolala. Ikiinama hadi maji yanakaribia ukingo, shukeni mtafute nyingine.

Kisha ombeni kuona kilichomo chini ya viti. Nawaambia hivi kwa sababu yalinikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilikodi boti nzuri, rangi mpya, injini inang'aa. Tulipoiacha ghuba nyuma kabisa, ikazima. Nahodha alivuta kamba ya kuwashia hadi kiganja kikachubuka. Akafungua plagi, ikatoka nyeusi, imelowa mafuta na oili. Plagi ya akiba hakuwa nayo, na kasia hapakuwa hata moja. Tuling'oa ubao wa kukalia tukapiga nao maji, na ufukwe ukawa unazidi kwenda mbali. Waliotuokoa ni vijana waliokuwa wanarudi na dagaa wao asubuhi. Walitufunga kamba wakatuvuta mpaka nchi kavu, na shilingi hawakutaka.

Basi kagueni vitu hivi kwa macho yenu, msiishie kuambiwa: plagi ya akiba na spana yake, makasia mawili, ndoo ya kuchotea maji, tochi, na jaketi okozi kwa kila kichwa pamoja na la nahodha mwenyewe. Livaeni na mfunge vifungo vyote kabla hamjaondoka. Jaketi lililokaliwa kama mto halimsaidii aliyekwisha kuanguka. Nanga ni nzuri karibu na ufukwe, lakini huko nje haigusi chini. Injini ikizima mbali, mnaelea kwenda upepo unakotaka, na simu huko mara nyingi haishiki mtandao. Mwachieni mtu wa nchi kavu namba zenu na saa mnayotarajia kurudi.

Kuhusu bei, elewaneni mambo matatu kabla ya kupanda: petroli ni ya nani, saa ni ngapi, na samaki ni wa nani. Injini ya nguvu za farasi 40 ikifunguliwa gesi yote inaweza kunywa lita 15 na zaidi kwa saa. Mkikokota chambo polepole inakunywa kidogo sana. Hesabuni ya kwenda na kurudi, halafu ongezeni theluthi ya akiba.

Na mumuulize nahodha upepo wa leo ukoje. Akikujibu "hakuna shida" kabla hajainua macho kuangalia maji, mimi singepanda. Anayenyamaza kidogo, akatazama kusini, akasema "tutoke alfajiri, saa nne tuwe tumerudi," huyo mlipeni hata akizidisha bei.

Nimesoma kwamba ziwa lina kina cha zaidi ya kilomita moja. Nishushe mshipi mita ngapi ili nipate samaki mkubwa? (Msomaji, Urambo)

Kaka, kina ni kweli. Pale penye kina kirefu zaidi panafika kama mita 1,470, na kwa maziwa ya dunia nzima ni Baikal peke yake la Urusi linalolizidi. Lakini samaki hawaishi huko chini. Maji ya Tanganyika hayachanganyiki yote, ya juu hubaki juu na ya chini hubaki chini, na hewa ambayo samaki anaihitaji huishia karibu na mita 100 upande wetu huu wa kaskazini, ikashuka zaidi kidogo kusini. Chini ya hapo ni maji yasiyo na uhai wa samaki. Ukishusha mita 300 umeivika ndoana sanda.

Fuata dagaa. Mchana dagaa hushuka, jioni hupanda juu, na wanaowala huwafuata. Mgebuka, samaki wa jamii ya sangara, ndiye anayewafuata kwa karibu. Alfajiri utaona maji yanachemka mahali pamoja kama sufuria ya uji na ndege wanarukia hapo; usiiendeshe boti katikati yao, pita pembeni na kukokota chambo chako nyuma, mita 30 au 40. Chambo bandia kidogo, cheupe cha kung'aa, ukubwa wa kidole, kinamtosha. Jua likishapanda, ongeza chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, ushuke mita 20, 40, 60, ukijaribu kila kina kwa dakika kadhaa.

Sangara wa huku si yule wa Ziwa Victoria. Yule aliletwa pale miaka ya 1950. Wa Tanganyika ni jamaa zake, aina nne pamoja na mgebuka mwenyewe, na haziko popote pengine duniani. Wale wakubwa wamepungua sana tangu nyavu za kuzungusha ziingie karne iliyopita. Nakuomba jambo moja juu yao. Sangara akivutwa haraka kutoka kina kirefu, kibofu chake cha hewa huvimba, tumbo likajaa na macho yakatoka. Ukimrudisha anaelea ubavu mpaka ndege wamle. Kwa hiyo huku hakuna kusema "navua wa kina kirefu, nawaachia." Ukipata mmoja wa kula, pandisha mshipi uvue wa juu.

Karibu na miamba utakutana na kuhe, ambaye katika ukoo wa perege na sato ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani. Anapigana vizuri sana kwenye fimbo nyepesi. Ila ukitazama chini kwenye maji maangavu ukaona kuhe wawili wamesimama mahali pamoja hawaondoki, na katikati yao kuna kitu kama vumbi linalotembea, hayo ni makinda yao, na baba na mama wote wawili wanalinda. Ukimtoa mmoja, makinda yanaliwa mbele ya macho yako. Niliwahi kuliona hilo, na tangu siku hiyo penye kuhe wawili situpi ndoana.

Mwezi gani ni mzuri kuja?

Tuanze na upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu, na kwa kuwa ziwa ni refu, kama kilomita 670 kutoka kaskazini mpaka kusini, mawimbi yana nafasi ndefu ya kukua kabla hayajakufikia. Asubuhi panaweza kuwa shwari kama sahani na saa sita mchana huwezi kusimama ndani ya boti. Kiangazi ni cha kutoka gizani na kurudi mapema. Masika maji hutulia zaidi, lakini kuna radi. Ukiona milima ya Kongo imefutika na wingu jeusi limegusa maji, laza fimbo zote chini, kwa sababu fimbo nyingi za kisasa hupitisha umeme, kisha geuzeni.

Halafu mwezi wa angani. Siku za giza wavuvi wa dagaa wapo majini usiku kucha na taa zao, na alfajiri unapata chambo kibichi kwao kwa bei ndogo. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazivuti dagaa, wengi wanapumzika na kushona nyavu, nawe utahangaika kupata chambo. Mimi hupendelea siku chache baada ya mwezi kufa.

Je, mtu anayevua kwa kujifurahisha anahitaji leseni? Na ziwa likifungwa? (Msomaji, Kigoma)

Leseni inahitajika. Uvuvi uko chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, na uvuvi wa kujiburudisha una leseni yake. Nenda ofisi ya uvuvi ya wilaya au manispaa siku moja kabla, usitegemee maneno ya mwenye boti kwamba "hiyo ya kwangu inatosha." Leseni ya chombo chake ni ya chombo chake.

Kufungwa ni jambo la kuulizia mapema kabla hata ya kukata tiketi ya treni. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Najua wapo wageni waliokasirika. Lakini mwenye mtumbwi wa Ujiji naye alivuta mtumbwi wake mchangani miezi mitatu, na yeye ana watoto wa kulisha. Anayevua kwa starehe hana haki ya kulalamika kumzidi.

Tunaweza kuvulia Gombe, halafu tukaangalie sokwe?

Boti za kwenda Gombe huondokea Kibirizi, na barabara ya gari kufika kule haipo. Lakini ile ni hifadhi ya taifa tangu 1968, ina taratibu zake na ada zake, na kushusha mshipi mbele yake kwa kukisia kutakuletea matatizo. Fanyeni siku mbili. Ya sokwe peke yake, ya samaki peke yake.

Nilikuwa navua karibu na mlango wa mto Malagarasi, nikavuta samaki mnene wa kijivu, ana ndevu, ngozi haina magamba. Nilipomshika mkono ukapigwa ganzi mpaka begani. Ni uchawi? (Msomaji, Kasulu)

Pole sana, ndugu yangu. Siyo uchawi. Huyo ni kambare wa umeme. Mtambue kwa mgongo wake: hana lile pezi refu la mgongoni ulilozoea kwa kambare, amebaki mviringo kama soseji. Anatengeneza umeme mwenyewe wa volti mia kadhaa, ndio anaoulia mawindo na kujilindia. Akija tena, usimshike wala usimkanyage na mguu uliolowa. Kata mshipi karibu na maji umwache aende na ndoana. Ndoana moja ni bei ndogo.

Na kwa kuwa umetaja kuvua karibu na mlango wa Malagarasi: huko kuna samaki mwenye meno marefu yanayopishana kama ya mamba, anakata mshipi wa nailoni kwa mng'ato mmoja. Funga kipande cha waya, kama shubiri mbili, kabla ya ndoana. Mamba wenyewe nao wapo, kwa hiyo usinawe samaki ukiwa umening'iniza mikono nje ya boti.

Mwanangu ana miaka tisa, analia kila siku anataka twende naye. Mama yake anakataa. Mzee, unasemaje?

Mama yake yuko sahihi kwa safari ya nje. Ila si lazima mwanzo uwe huko. Mtafutie jaketi la saizi yake. La mtu mzima humtoka kichwani akiingia majini, kwa hiyo lijaribu kwanza ufukweni kwa kumwinua kwa mabega ya jaketi lenyewe uone kama mwili unateleza. Muende wote watatu, alfajiri isiyo na upepo, ndani ya ghuba tu, mahali ambapo mnaziona nyumba. Asinywe chai ya maziwa kabla ya kuondoka. Akianza kukunja uso, mwambie atazame milima, asitazame ndani ya boti. Mpe mshipi wa mkono bila fimbo, ndoana ndogo, kipande cha dagaa, na umwache ausikie mwenyewe samaki akigonga. Saa moja na nusu inamtosha. Mkirudi, mama yake ndiye aseme kama kuna safari ya pili.